Mkia wa Wimbo wa Mama Kidonge

Naapa, na mkono nimeuinua juu: haya yote ni kweli tupu. Sijatia chumvi, sijapiga chuku. Mke wangu amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, ananitazama kama askari wa forodha anavyolitazama begi lililovimba. Nimemwahidi kwamba akinikamata na uongo mmoja tu, vyombo vya nyumba hii nitaviosha mimi mwezi mzima. Mtu mwenye kiuno kibovu kama changu hawezi kuichezea ahadi ya namna hiyo, kwa hiyo niaminini.

Alikuwepo bwana mmoja aliyeitwa Santuri. Jina alilopewa na wazazi lilikwisha kufa kifo cha kawaida, maana kutwa kucha hakuzungumza jingine ila santuri. Alitengeneza santuri za nyimbo za asili, na lebo yake nzima ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Kuta alizibandika makatoni ya mayai na magodoro makuukuu ili honi za mtaani zisiingie kwenye nyimbo. Ukikaa humo mchana wa jua kali unatoka umeiva.

Mikataba mirefu hakuwa nayo. Msanii aliingia, wakapeana mikono, nusu yako nusu yangu, kazi ikaanza. Ila alikuwa na tabia moja ambayo hakuna mwenye studio mwingine angeikubali: tepu aliiwasha kabla msanii hajakaa, na hakuizima mpaka msanii awe ametoka nje. Vile vikohozi, vicheko na manung'uniko ya mwanzo na mwisho aliyaita mikia. Wimbo ulikwenda kwenye santuri, mkia ukabaki kwenye sanduku chini ya kitanda chake, na hakuutupa hata mmoja. "Mtu akiimba amejipamba," alikuwa akisema. "Akishamaliza ndiyo anarudi kuwa mtu."

Majalada yalibandikwa kwa mkono. Jumamosi wasanii wote walikuja, wakazunguka meza kubwa na makopo ya gundi, wakapaka, wakakunja, wakasengenya. Siku ya gundi, waliiita. Na nyuma ya kila jalada palikuwa na hadithi fupi ya wimbo, iliyoandikwa na Santuri mwenyewe. Hapo ndipo mtu huyu alipokuwa wa hatari.

Mpiga filimbi wake alikuwa kinyozi, filimbi kajifunza shuleni kwenye bendi ya paredi. Jalada lilisema amefundishwa na ndege pangoni. Mpiga ngoma wake alikuwa dereva wa lori. Jalada lilisema ngoma ile ilivuka mafuriko ikielea yenyewe, ikapiga mlango wa babu yake. Wasanii walizisoma wakacheka mpaka gundi ikawakaukia vidoleni. Wanunuzi, hasa wa mbali, waliziamini.

"Anayenunua nyimbo za asili ananunua uzee," Santuri aliwaeleza. "Mpe wimbo wa juzi, ataunusa kama maziwa ya jana."

Sasa, Mama Kidonge. Huyu alikuwa fundi cherehani, mwanamke mrefu, mkavu, asiyetabasamu bila sababu ya maana. Kidonge alikuwa mwanawe wa pekee, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa mdogo wa kubebeka kiganjani. Homa ilimchukua kabla hajatimiza mwaka. Mama mtu akabaki na jina, na wimbo. Alikuwa ameutunga mwenyewe akimbembeleza mtoto huku anashona, mguu mmoja kwenye kanyagio la cherehani, na kwa kuwa cherehani yenyewe ilikuwa na kilema, ilipiga tak-tak, ikasita, ikapiga tak. Wimbo ukaota na kusita kule kule. *Lala Kidonge, uzi haujakatika,* aliimba, na mahali pa kusita ungedhani anameza kitu.

Santuri alipousikia mara ya kwanza nywele zilimsimama. Akamwomba Mama Kidonge aje na cherehani yake studio. Wakarekodi. Halafu akamwomba arudie bila cherehani, kinyozi akigongagonga kipande cha mti. Jalada likatoka limeandikwa: wimbo wa kale wa miaka mia tatu, mtunzi hajulikani, unamhusu Kidonge binti wa mfalme ambaye hakupata usingizi tangu baba yake alipozama mtoni.

Santuri ile iliuzwa kuliko zote. Ndiyo iliyoikarabati studio, ikanunua tepu mpya.

Basi Jumamosi moja siku ya gundi imepamba moto. Meza imejaa. Kinyozi anamtania dereva wa lori kwamba amepaka gundi nyingi kama anaziba pancha. Redio ipo dirishani, inaropoka peke yake. Mara ikaanza: tak-tak, ikasita, tak.

"We!" dereva akaruka. "Mama Kidonge, uko redioni!"

Wote wakageukia redio, nyuso zinang'aa. Lakini sauti haikuwa yake. Alikuwa msichana mwenye sauti ya sukari, nyuma yake vinanda, na pale palipokuwa na *Kidonge* akaimba jina la godoro. *Lala,* akalitaja godoro, *usingizi haujakatika.* Kisha mwanamume mwenye sauti nzito akataja duka linapopatikana.

Mama Kidonge aliweka brashi chini taratibu. Gundi ikadondoka kwenye jalada, juu ya neno mfalme.

"Wamemtoa mwanangu," alisema, "wakalaza godoro."

Santuri alikimbilia simu ya dukani. Mwanasheria wa kampuni ya magodoro alimjibu kwa adabu zote, kama mtu anayemhudumia mgonjwa.

"Mzee wangu, jalada lako ninalo hapa mezani. Umeandika mwenyewe wimbo una miaka mia tatu na mtunzi hajulikani. Sisi tumeokota kisicho na mwenyewe. Au jalada linasema uongo?"

Santuri alikata simu, akarudi studio na uso wa jivu. Akawaza haraka, kama alivyozoea, na akapata uongo mwingine wa kuuokoa wa kwanza.

"Mama, tutasema umerithishwa. Bibi yako alikuachia wimbo kwa wosia wa mdomo, mbele ya mashahidi. Shemeji yako huyu hapa," akamwonyesha mzee mmoja mstaafu aliyekuja kwa ajili ya chai tu, "atakuwa shahidi. Uso wake unafaa."

"Bibi yangu," Mama Kidonge akajibu, "alikuwa na sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta. Akiimba mbwa wanahama. Huo wimbo ni wangu, Santuri, na mwenye wimbo ni mtoto wa kweli, alikuwa na meno mawili ya chini na alikuwa anapenda kulamba vifungo. Nenda ukawaambie ulidanganya."

"Nikisema nimedanganya moja, mama, nani ataamini mengine?"

"Hilo lako."

Akachukua mkoba wake, akaondoka. Mdogo wake wa kike, aliyekuwa pembeni akikunja majalada, akamfuata.

Mlango ulipofungwa kinyozi alikohoa. "Kaka, tusidanganyane. Ukikiri hilo la Mama Kidonge, sote tutaonekana wa mchongo. Ndege wangu wa pangoni watakwenda wapi?"

"Na ngoma yangu," dereva akadakia. "Wale wateja wa mbali watasema hata ngozi yake ni ya plastiki. Watoto wangu wanakula kwa mafuriko yale, ujue."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Santuri aliwatazama mmoja mmoja. Aliwachukua watu hawa vinyozini na kwenye malori, akawapa mapango na wafalme, na sasa aliona kwamba hakuna hata mmoja ambaye yeye alimwuza kama alivyo. Kinyozi alipiga filimbi ile vizuri kweli. Kwa nini haikutosha?

Siku zile hazikumwendea vizuri. Kila alipopita mbele ya duka lenye redio alisikia tak-tak, na pale pa kusita yeye naye akasita njiani, watu wakamgonga mgongoni. Hatimaye akainama chini ya kitanda, akavuta sanduku, akautafuta mkia. Hakuhitaji kuusikiliza ili kujua una nini. Alikuwa anaujua. Ndiyo maana hakuwahi kuuweka tena mashineni tangu siku ile.

Akapiga moyo konde, akamwita mwanasheria studio, siku ya gundi, mchana kweupe, wasanii wote wakiwapo. Akamtumia ujumbe Mama Kidonge pia. Mama Kidonge akaja, akakaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

Mwanasheria aliingia na suti, akakaa, jasho likamshuka papo hapo. Akayatazama magodoro ya ukutani. Moja lilikuwa na nembo ya kampuni yake.

"Hilo nalo nimeokota," Santuri akamwambia. "Halikuwa na mwenyewe." Kisha akabonyeza mashine.

Kwanza ilisikika cherehani: tak-tak, kimya, tak. Kisha sauti ya Mama Kidonge ikiimba, ikakatika. *"Ngoja, hapa nilikuwa nasema vingine. Siku ya mwisho nilibadilisha. Nilisema uzi haujakatika. Alikuwa ameshika uzi mkononi."* Pua ikavutwa. Halafu sauti ya Santuri, changamfu, yenye haraka:

*"Mama, umeniua kabisa. Ila cherehani itoke. Miaka mia tatu iliyopita nani alikuwa na cherehani? Na huyu Kidonge tutamfanya binti wa mfalme."*

*"Mfanye utakavyo. Hadithi ni zako. Mimi nakuomba kitu kimoja: jina lake lisitoke kwenye wimbo. Niahidi."*

*"Nakuahidi, mama. Jina halitoki kamwe. Labda nife."*

Kiti kikakwaruza. Mlango. Mkia ukaisha, tepu ikabaki inazunguka bure.

Hakuna aliyemtazama Santuri. Kinyozi alikuwa anakwangua gundi kavu kwenye kucha. Santuri akasimama. "Nimedanganya kwenye jalada. Na hayo mengine yote nimedanganya. Mtunzi anajulikana. Ndiye yule pale."

Mwanasheria aliinuka akavua koti. Akapiga magoti mbele ya Mama Kidonge, akalia machozi ya kujaza kopo la gundi, na jioni ile ile kampuni ikachoma moto magodoro yote uwanjani, moshi ukaonekana nchi tatu. Mama Kidonge akacheka mpaka jino likamtoka, akamkumbatia Santuri, akasema yamekwisha, mwanangu, akaivuta cherehani yake na kuimba upya mpaka

"Simama hapo hapo."

Ni mke wangu. Amesoma juu ya bega langu, sijui tangu lini.

"Dada yangu alicheka?"

"Kidogo," nikasema.

"Mzee. Mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwepo, mdomo umejaa chai. Dada yangu alicheka?"

Basi. Nimekamatwa, acha nilipe.

Mwanasheria hakupiga magoti. Alijifuta jasho, akasema atawasilisha jambo hilo kwa wakubwa, akaenda zake. Tangazo liliondolewa kimya kimya baada ya muda, bila moshi wowote. Wateja wa mbali waliacha kuagiza, karibu wote. Dereva alirudi kwenye lori siku zote za juma.

Na Mama Kidonge hakucheka. Alikwenda kwenye mashine, akautoa ule mkia kwa mikono yake, akauviringisha kama anavyoviringisha uzi, akautia mkobani. Santuri alimwambia, "Mama, nisamehe." Akamjibu, "Nimekusikia ukiahidi." Hajaimba tena kwa mtu yeyote, hata kwetu nyumbani, hata anaposhona. Cherehani ameitengeneza. Siku hizi haisiti.

Santuri bado ana siku ya gundi, peke yake. Anachukua majalada yaliyobaki, anabandika kipande cha karatasi juu ya mfalme na mto, ameandika: *Wimbo huu ameutunga Mama Kidonge, fundi cherehani, kwa ajili ya mwanawe.* Mke wangu ameyasoma haya pia, neno kwa neno, na hajasema kitu. Amenivua kalamu mkononi, akanivisha kitambaa begani. Sufuria ya leo imeungua chini.