Kiti Kinachotazama Nyumbani

Kijijini kwetu, kila kitu unachokiona kilipanda kwa mgongo wa mtu. Bati la shule, chumvi, sabuni, hata kile kioo kikubwa cha fundi cherehani. Kioo hicho kilipanda mgongoni kikimwonyesha mawingu kila aliyekuwa akifuata nyuma. Njia ni moja tu. Ina ngazi za mawe zinazozidi mia nne, na mahali pamoja tunapaita Kamba, kwa sababu bila kushika kamba hupiti. Kushuka ni mwendo wa saa tano kwa mwenye magoti mazuri. Watu wa bondeni wanatuita watu wa juu. Si kwa cheo, ni kwa mwinuko.

Sisemi hivyo kwa kulalamika. Asubuhi nyingi wingu linakaa chini yetu, sisi tunapalilia viazi juani, na bondeni wanaulizana jua limekwenda wapi. Huwa namshukuru Mungu hapo hapo shambani, jembe mkononi, maana nikingoja nifike nyumbani nasahau.

Tunaishi na mama mkwe wangu. Mume wangu, fundi seremala, ndiye kitindamimba wake. Mwaka nilioolewa, miaka kumi na moja iliyopita, macho ya mama yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu, na kila mwaka ukungu ukazidi. Mhudumu wa afya wa kijiji alimmulika kwa tochi akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili.

"Nimezaa saba nikajua nimemaliza," mama akasema. "Kumbe walibaki wawili."

Alikuwa hodari hata hivyo. Alichambua maharage kwa vidole asiache jiwe hata moja, na alitutambua kwa vishindo vya miguu. Lakini mwaka jana alipapasa akitafuta mfuniko wa chungu, mkono ukaingia motoni. Tangu siku hiyo sikuweza kwenda shamba la mbali na moyo uliotulia. Kila nilipoona moshi mwingi kutoka upande wa nyumbani, nilitupa jembe nikakimbia.

Mimi nilianza kusoma nikiwa na miaka thelathini na minane. Ni darasa la jioni, mara tatu kwa wiki, katika chumba kile kile wanachosomea watoto mchana, kwa hiyo magoti yetu hayaingii chini ya madawati. Jioni moja nilikuta karatasi imebandikwa mlangoni. Niliisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari. Ilisema kwamba madaktari wa macho watakuwa kituo cha afya cha bondeni Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na wagonjwa watapokelewa mwisho saa sita mchana. Mwalimu akaniambia kwamba mara ya mwisho madaktari hao walikuja miaka minne iliyopita. Sikungoja somo. Nilirudi nyumbani mbio kama niliyeiba.

"Umesoma vizuri, Mwanafunzi?" mama akaniuliza. Ndivyo alivyoniita tangu nianze darasa, na watu wote walicheka isipokuwa mimi. "Usije ukanishusha bondeni, kumbe ni tangazo la chanjo ya mbuzi."

"Nimesoma mara tatu, mama."

"Basi uniombee na magoti pia. Macho yakipona peke yake, magoti yataona wivu."

Nikajua amekubali.

Jumatatu alfajiri wachukuzi wanne walifika na machela yao. Kiongozi wao tunamwita Breki. Yeye hukaa mbele kila wanaposhuka na mgonjwa, na uzito wote wa mteremko unamwangukia yeye auzuie. Mama alitoka amevaa kitenge chake kipya, amejipaka mafuta hadi kwenye visigino. Akainama, akaipapasa machela kutoka ncha hadi ncha.

"Kichwa kinakaa wapi?"

"Huku nyuma, mama," Breki akajibu. "Miguu inatangulia, maana ni mteremko."

Mama akanyooka. "Rudini kwenu."

Tulidhani anatania.

"Mama, tukikutanguliza kichwa damu yote itajaa huko," Breki akasema kwa upole. "Utafika umevimba kama boga."

"Sitoki hapa miguu mbele. Nimesema."

Mume wangu akambembeleza. Alimwita mama, akamwita mama yangu, akamwita mama yangu mzazi, na kila alipoongeza neno, mama alirudi nyuma hatua moja, mpaka akaingia ndani na tukasikia komeo. Wachukuzi wakanywa uji wao wakaondoka.

"Miaka kumi na tisa nabeba wagonjwa," Breki aliniambia akifuta midomo. "Wengine wamenitapikia shingoni. Ila kufukuzwa na mgonjwa, hii ya leo ni mpya."

Nilikasirika, sitaficha. Niliingia stoo ya viazi nikapiga magoti juu ya magunia, nikamwomba Mungu amlainishe mama. Nikasema amina, lakini sikuinuka, kwa sababu nilihisi sijamaliza. Nikaomba tena. Safari hii niliomba anilainishe mimi.

Mchana tuliketi mlangoni kumenya viazi, mimi na yeye. Sikumuuliza kitu. Nilimenya viazi kumi, kumi na tano. Alianza mwenyewe.

"Baba yenu alitoka hapa akiwa mzima. Anaumwa, lakini mzima, anaongea. Walimlaza kwenye machela miguu mbele, kama alivyosema yule. Mimi nilisimama hapa hapa mlangoni. Unajua niliona nini?"

"Hapana, mama."

"Utosi. Wanashuka, naona utosi tu, na kile kipara chake. Uso umeelekea bondeni. Alikuwa ananiita, lakini hakuweza kugeuka, wamemfunga mikanda asianguke. Akafia njiani, kabla hawajafika Kamba. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake hakuiona mara ya mwisho." Akatupa kiazi kwenye beseni. "Macho yangu hayaoni kitu, najua. Ukungu mtupu. Lakini nyumba naijua iko upande gani. Sitaondoka nikiangalia kwingine."

Miaka kumi na moja nilikuwa katika nyumba ile, na sikuwahi kulisikia hilo. Nilikuwa nimemwita mkaidi mbele za Mungu, tena kwa sauti.

Niliosha mikono nikaenda kwenye karakana ya mume wangu. Alikuwa anapiga randa ubao, maranda yamemfika vifundoni. Hakuinua kichwa. Nilijua anaumia.

"Baba watoto, nikibeba gunia mgongoni, uso wa gunia unaangalia wapi?"

"Gunia halina uso."

"Likiwa nao."

Randa ikasimama. Alinitazama, akatazama mlango, akatazama tena ubao wake. "Unaangalia nyuma," akasema. "Unaangalia unakotoka."

Aliingia ndani akatoka na kiti cha mama, kile cha kukalia karibu na moto, maana hapakuwa na muda wa kutengeneza kipya. Jumanne kutwa alishughulika nacho. Alikata miguu yote minne, akapigilia ubao wa kuwekea nyayo, akatoboa egemeo na kupitisha mikanda: miwili ya mabega, mmoja mpana wa paji la uso, kama tunavyobebea viazi. Jioni Breki alikuja kukijaribu, na aliyewekwa juu yake ni mimi. Akanizungusha uani mara mbili.

"Mke wa fundi," akasema akihema, "viazi vya mwaka huu umevila vyote peke yako?"

"Tembea, wewe. Mama ni nusu yangu."

"Nusu hiyo ndiyo ninayomwomba Mungu."

Mume wangu alimwongoza mama hadi kwenye kiti. Nilimweleza taratibu. "Ukikaa hapa, mama, mgongo wako unatangulia. Miguu inafuata. Na uso wako unaelekea mlango wa nyumba hii."

Alikipapasa. Vidole vyake vilifika mahali palipokatwa msumeno, vikasimama hapo.

"Hiki ni kiti changu."

"Ndiyo, mama," mume wangu akasema.

"Mmekikata miguu ili yangu isitangulie." Akakikalia. "Haya. Kesho mapema. Na mtu asinipe uji, tumbo likijaa kiti kitakuwa kizito."

Jumatano tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mume wangu alibaki na watoto na mbuzi. Wachukuzi walipokezana, na Breki, zamu isipokuwa yake, alishuka kandokando, kiganja kimeshika ukingo wa kiti. Mimi nilifuata nyuma, kwa hiyo mama na mimi tulikuwa uso kwa uso njia nzima. Sijawahi kumtazama mtu muda mrefu namna ile.

"Nyumba bado inaonekana?"

"Bado, mama. Moshi unatoka jikoni."

"Mwanangu ameweka kuni mbichi. Sasa je?"

"Bado. Yeye mwenyewe amesimama mlangoni."

"Sasa?"

"Sasa imefichwa na mwamba."

Akainua mkono akapunga, taratibu, upande ule ule hasa. Kisha akaukunja mkono mapajani na kuanza kumuuliza Breki habari za mke wake, kwa nini hajaonekana kanisani wiki mbili.

Kamba ilitukawiza. Mvua ya usiku ilikuwa imelowesha mawe, na wachukuzi walishuka hatua moja moja kama wanaokanyaga mayai. Mama alianza kucheka.

"Usicheke, mama, kiti kinacheza!" Breki akapiga kelele.

"Nacheka kwa sababu naogopa, mjinga wewe. Ungependa nilie?"

Nilikuwa nikisali bila maneno sasa, pumzi tu. Jua lilikuwa limeshapanda sana tulipofika uwanja wa kituo cha afya. Muuguzi alikuwa mlangoni anafunga daftari lake.

"Mko wangapi?" akauliza bila kuinua macho.

"Mgonjwa mmoja," nikasema.

Akainua macho, akaona wanaume wanne wamelowa jasho hadi magotini. "Na hawa?"

"Sisi ni miguu yake," Breki akasema.

Muuguzi akatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika tisa. Akafungua daftari.

Walipasua jicho la kulia peke yake. La kushoto walisema lisubiri safari yao ijayo, kwa kuwa mama ni mtu mzima. Tulilala kituoni, na asubuhi daktari, mwanamke mwembamba mwenye miwani, akaja kufungua bandeji. Nilishika ukingo wa kitanda. Akainua mkono.

"Vidole vingapi, mama?"

"Vitatu," mama akasema. "Na kucha zako ndefu, daktari."

Wote chumbani wakacheka. Mimi sikuweza. Mama akageuka upande wangu, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kwenye ndala, bila haraka.

"Wewe ndiye Mwanafunzi?"

"Ndimi, mama."

"Nilidhani wewe ni mrefu." Kisha akanishika uso kwa mikono miwili, akanivuta karibu, na machozi yangu yote yakamwagika kwenye vidole vyake. Muuguzi akatugombeza, akasema jicho lile halitakiwi maji.

Kupanda ni kazi nyingine. Kiti kile kile sasa kilimfanya mama atazame bondeni, na mwanzoni alifurahi sana. Alituonyesha mto, barabara, basi dogo kama mende, akatuuliza kama tuliwahi kuviona. Tukavuka Kamba. Ngazi chache mbele akampiga Breki begani.

"Nishushe."

"Bado mbali, mama."

"Ndiyo maana nasema sasa. Nirudi nyumbani nikiwa nimeipa mgongo? Nishushe."

Alishuka. Zilibaki ngazi zaidi ya mia. Alizipanda akinishika mkono, akipumzika kila baada ya tano, magoti yakilalamika kwa sauti na yeye akiyajibu. Wachukuzi walitufuata na kiti kitupu, na hakuna aliyesema tuharakishe. Penye mwamba, pale pale nyumba ilipojificha jana yake, aliniachia mkono.

Ilikuwa mbele yetu, na moshi wake, na mlango wazi. Mama alisimama. Upepo ulicheza na kitenge chake.

"Paa limepinda," akasema mwishowe. "Baba yenu alikuwa ananiambia halikupinda." Akafuta jicho la kushoto, lile ambalo halikukatazwa maji, akaendelea kupanda peke yake.

Mume wangu alikuja mbio kumpokea. Mama akamzuia kwa kiganja, akamkagua. "Kumbe una mvi, baba," akasema, ndipo akamkumbatia.

Tangu siku hiyo kiti kimekwisha kuwashusha wengine wawili, na Breki hukifuata kwetu kama mtu aazimaye ungo. Mume wangu alitaka kukirudishia miguu, mama akakataa. Anakikalia hivyo hivyo karibu na moto, magoti yamekaribia kidevu. "Kiache," alimwambia. "Jicho la pili bado linangoja."

Lakini ile jioni ya kwanza hakukaa. Aliingia moja kwa moja jikoni. Nilisikia kishindo cha mfuniko.

"Mwanafunzi! Njoo hapa! Sufuria hii, miaka kumi na moja, ndivyo unavyoiosha?"

Nilichukua majivu na mchanga nikaketi uani kusugua. Mama alisimama juu yangu akinionyesha kwa kidole, hapa, na hapa, na hapa ulipoparuka. Nilisugua nikimshukuru Mungu kwa kila doa aliloliona.