Kuzima Nimekataa

Kompyuta nilikuwa nimeificha ndani ya khanga, juu ya magoti, na shangazi Jenoveva alikuwa ameshaiona. Tulikuwa sebuleni kwetu Magamba, wanawake tumebanana mkekani, baba yuko chumba cha pili ndani ya jeneza, tunamngoja mchungaji apande kutoka Lushoto mjini. Nje wanaume walikuwa wanarudi kutoka kuchimba kaburi, matope mpaka magotini.

"Dina," shangazi akaninong'oneza, "baba yako hajazikwa, wewe unafungua makompyuta?"

"Shangazi, wakinikosa leo wananizimia kazi."

"Basi toka nje ukaongelee huko."

Sikutoka. Kwetu binti wa kwanza wa marehemu habanduki mkekani mpaka mwili utoke. Akibanduka, watamsema mpaka naye azikwe. Na kazi yangu nayo sikuwa tayari kuiachia. Kila mtu alinitaka nichague, na mimi siku ile kuchagua sikutaka.

Miaka minne nilikuwa nikizitafuta nyota za kwanza. Hakuna aliyewahi kuziona, zilikwisha zamani mno. Kwa hiyo tunaziigiza. Tunaipa kompyuta kuu, dude lililojaza ukumbi mzima katika nchi ninayoijua kwa picha tu, ile gesi ya mwanzo: haidrojeni, heliamu na giza. Tunaipa nguvu ya uvutano, halafu tunaiambia, haya, endelea. Inapiga hesabu jinsi gesi inavyopoa, inavyojikusanya donge, mpaka donge linawaka. Ndani ya nyota kama hizo ndimo elementi nyingine zilimopikwa, hata chuma cha jembe alilolimia baba karoti zake.

Wenzangu wote walitarajia donge moja litoe nyota moja, jitu la peke yake. Langu likapasuka, likatoa kadhaa. Nikarudia, likapasuka. Nikabadilisha hatua za hesabu, likapasuka vilevile. Daktari Kristian, mkuu wa kikundi chetu kule Dar es Salaam, akasema ni kosa la hesabu tu, nisijipe matumaini. Sasa lilikuwa linaendeshwa jaribio langu la mwisho, kubwa kuliko yote, na kikao cha alasiri ile kilikuwa cha kuamua liendelee au lizimwe, mashine wapewe wengine. Kazini habari za msiba sikumwambia mtu hata mmoja. Kristian nilimjua.

Vile vya kuweka masikioni nilivisahau Dar, basi kikao kilipoanza sauti yake ikatoka waziwazi katikati ya wafiwa. Alikuwa hajamaliza kusalimia, jirani yetu Mwanamisi akaingia mlangoni akipiga yowe.

"Kuna nini huko, Dina?" Kristian akauliza.

"Msiba, Daktari. Baba amefariki. Tunazika leo."

"Jamani! Pole sana. Mbona hukusema?" Sauti yake ilikuwa ya huruma, huruma ya kweli kabisa, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Basi usijisumbue, mdogo wangu. Tulizime leo, upumzike. Ukirudi tutaanza upya, taratibu."

Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawaka moto. Yaani kifo cha baba ndiyo kiwe kisingizio chake!

"Daktari," nikasema, "pole nimeipokea, asante. Kuzima nimekataa."

"Dina, una majonzi..."

"Majonzi ninayo, na akili ninayo. Kama kuna kosa, nionyeshe lilipo. Nimekuuliza kila kikao, hujanionyesha. Leo namzika baba yangu. Sizikwi naye, wala kazi yangu haizikwi naye."

Shangazi alinitazama kama mtu anayejiuliza nimemrithi nani katika ukoo. Ndipo Yusra, mwenzangu wa kikundi aliyekuwa kikaoni, akakohoa kule Dar. "Daktari, na mimi hilo kosa sijaliona. Tuliache liendelee."

Kristian akashusha pumzi. "Haya. Liendelee. Lakini likibuma, jina litakaloharibika ni lako."

"Liandike kubwa," nikasema, nikafunga.

Nilidhani shangazi atanichana. Alichofanya ni kuichukua ile kompyuta, akaisukumia nyuma yake ukutani, akaniegemeza begani kwake. "Umeshawasema," akasema. "Sasa mlilie baba yako." Nikalia mpaka sauti ikanikauka.

Jaribio lilikwisha nikiwa bado nyumbani, sijavua nguo nyeusi. Donge lilikuwa limepasuka. Nyota zilikuwa kundi zima, zinazungukana.

Mpaka leo Kristian anasema tusubiri, tuangalie tena. Analeta mabingwa wanihoji. Naenda, nasimama mbele yao, nawafungulia kila hesabu, nawauliza swali lilelile: kosa liko wapi? Wanainamia karatasi zao. Waangalie. Waangalie hata miaka kumi. Watalikuta jina langu juu ya ukurasa, na sitalifuta.