Vyuo Vitatu vya Jirani

Mwalimu wa ushauri aliwaambia wote wanaoingia mwaka wa mwisho: ombeni vyuo vitatu, kimoja cha ndoto, kimoja cha kiasi chenu, kimoja cha akiba. Binti akaitikia vizuri, akarudi nyumbani, akachagua vitatu vya kufikika kwa miguu, tena kwa ndala. Uhandisi wa madaraja, aliokuwa akiuota tangu utotoni, haukufundishwa katika hata kimoja.

Mama yake, fundi cherehani, alivisoma kwenye fomu akiwa amebana pini midomoni. Akazitemea kiganjani.

"Mwanangu, umechagua vyuo au vituo vya basi?"

"Ni mkakati, mama."

"Mkakati gani huo? Na kile cha madaraja?"

"Kiko mbali. Na kuingia ni kazi."

"Kukuingiza ni kazi yao. Yako ni kuomba."

Mjomba, aliyekuja kuchukua suruali yake akanaswa na chai, akadakia, "Mwache mtoto, dada. Akienda nani atakupigia pasi?"

Binti alimshukuru kimoyomoyo. Tangu baba afariki walibaki wawili tu, na kumwacha mama peke yake kulimtisha kuliko kukataliwa na chuo chochote. Lakini hilo hakulisema. Alinuna tu, akaingia chumbani.

Mama hakati kitambaa bila kuchora kwanza, wala hasogezi hata stuli bila chaki. Kando ya kitanda cha binti, sakafuni, palikuwa na mstatili mweupe ulioingia hadi uvunguni.

"Mama! Hii nini?"

"Mashine ya kudarizi. Itakaa hapo ukishaenda."

Ilimuuma kwelikweli. Yeye anajinyima kwa ajili ya mama, kumbe mama keshaipa mashine nafasi yake!

"Nami nikija likizo nilale wapi? Juu ya mashine?"

Mama akasukuma mlango wa chumba chake kwa kiwiko. Kabati lilikuwa limebanwa kwenye kona, na ubavuni mwa kitanda chake palikuwa na mstatili mwingine, mwembamba, wa kutosha kitanda kimoja.

"Huu niliupima zamani," alisema. "Nikipiga deki unafutika, nachora tena."

Binti akacheka, machozi yakamtoka hapohapo. Akaichukua fomu, akakata chuo cha kwanza, akaandika cha madaraja. Kisha akajilaza sakafuni, ndani ya mstatili. Miguu ikapita mstari.

"Ongeza urefu, mama," alisema. "Nimerefuka tangu uupime."