Shamba la Elisha Tarver

Kamrudin alingoja hadi sahani za biriani zilipoondolewa mezani, kisha akasema mbele ya watu wote kwamba hatapokea posa ya yule kijana.

"Kuslimu ameslimu, sawa, Mungu amkubalie," alisema. "Lakini ukoo wake ni upi? Babu wa babu yake nani? Sisi binti hatumtoi kwa mtu aliyeanzia hewani."

Ilikuwa Jumapili, nyumbani kwake Malton, pembeni mwa Toronto, na jamaa wote walikuwepo. Kamrudin alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wa Bilkis, mfanyabiashara wa matairi, na tangu ndugu yake afariki yeye ndiye aliyepokea posa na kusuluhisha ugomvi wa familia. Watu walizoea kumsikiliza. Laiba, binti wa Bilkis, aliinuka akaenda jikoni.

Bilkis hakuinuka. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliyewahi kuwa wakili wa ardhi mjini Tanga, kisha akafanya kazi ya hati za nyumba hapa Toronto mpaka alipostaafu.

"Ukoo unautaka, Kamrudin bhai?" alisema, akimwita kaka kama kawaida yao. "Nitakuletea. Na nikishaleta, utafanya nini?"

"Leta kwanza."

"Hapana. Sema mbele ya watu. Utapokea posa?"

Kamrudin akacheka, akamtazama mkewe Naseem kama anayetafuta shahidi. "Ukileta ukoo wa watu wenye heshima zao, nitapokea."

Garini, wakirudi nyumbani kwao mtaa wa Dixon, Laiba alimgeukia mama yake kwa hasira. Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake akikasirika, kwamba Hyder, mchumba wake, si mshukiwa na kwamba mama alipaswa kumkatalia baba mkubwa palepale badala ya kukubali mchezo wake.

"Sijaukubali," Bilkis akamjibu kwa Kiswahili. "Nataka kumfunga mdomo."

"Na usipopata kitu?"

Bilkis akafungua mkoba, akaandika jina la Hyder nyuma ya risiti.

Hyder mwenyewe hakukasirika. Jina alilozaliwa nalo lilikuwa Wendell Tarver, Tarver likiwa la ukoo wa mama yake. Hyder alilichagua alipoingia Uislamu chuoni, miaka kabla ya kumjua Laiba. Alisema angependa kujua hata kama hakuna posa, akampeleka Bilkis kwa mama yake, Abigael, aliyekuwa akiishi mtaa wa Jane na Finch tangu kabla Hyder hajazaliwa. Abigael alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa. Alimkaribisha Bilkis vizuri, lakini aliposikia sababu ya safari hiyo uso wake ulibadilika.

"Kwa hiyo mwanangu lazima alete cheti kwamba ni mtu," alisema.

"Shemeji yangu ndiye anayesema hivyo. Mimi nimekuja kwa sababu nataka akose la kusema."

Abigael akamvutia kiti. Kisha akaeleza anachokijua. Wa kwanza wao katika Ontario alikuwa Jordan Tarver, mkulima, ambaye kaburi lake liko katika mji mdogo upande wa kusini-magharibi, na juu ya jiwe imeandikwa kwamba alizaliwa Virginia. Nyumbani kwao ilisemwa siku zote kwamba baba yake Jordan alikuwa na shamba lake mwenyewe huko Virginia, si la bwana yeyote. Abigael alipolisema hilo shuleni akiwa mdogo, mwalimu alimsahihisha. Alimwambia watu weusi wa wakati ule hawakuwa na mashamba, labda babu zake walilima la mtu.

"Nilikaa chini," Abigael alisema. "Sijalisahau lile benchi."

"Basi tumtafute baba yake Jordan," Bilkis alisema.

Sensa za zamani za Amerika hazikumsaidia, kwa sababu ziliandika jina la mwenye nyumba tu, na wengine wakawa idadi. Lakini Bilkis alijua jambo moja kutokana na kazi yake. Serikali inaweza kukusahau katika mambo yote, lakini mtoza kodi hakusahau. Virginia kila mwaka ilitoza kodi ya ardhi, na kodi nyingine ya farasi, ng'ombe na watumwa, na orodha zile zimepigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao, wilaya kwa wilaya. Alizisoma asubuhi kwenye meza ya chakula, ndege za kutua uwanja wa Pearson zikipita juu ya ghorofa. Mwandiko ulikuwa mbaya, na herufi nyingine zilifanana na minyoo.

Tarver wengi walikuwa wazungu. Kisha, mwishoni mwa orodha moja, chini ya kichwa cha weusi huru, akamkuta Elisha Tarver. Akafungua kodi ya ardhi ya mwaka huohuo, na huko pia alikuwepo: ekari sitini na kitu kando ya kijito. Mwaka uliofuata alikuwa na farasi. Baadaye farasi wawili. Hati ya ununuzi ilipatikana katika vitabu vya mahakama ya wilaya, na ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa mipaka ya miti na mawe, kama hati yoyote ya mtu yeyote.

Alimpigia Abigael simu. Upande wa pili akasikia mwanamke yule akilia.

"Shamba lake," Abigael alisema. "Lake mwenyewe."

"Lake mwenyewe, dada yangu. Kodi alilipa yeye."

Siku ya pili, akiwa bado na furaha hiyo, Bilkis aliendelea na orodha za miaka iliyofuata. Katika orodha ya mwaka 1811 kulikuwa na alama kwenye safu ambayo mbele ya jina la Elisha ilikuwa tupu siku zote. Ilikuwa safu ya watumwa. Elisha Tarver, mtu mweusi huru, alitozwa kodi ya mtumwa mmoja. Na mwaka uliofuata, na ule mwingine, na mwingine. Mwaka 1824 mmoja akawa wawili.

Bilkis alifunga kompyuta. Alipika, akafua, akapanga kabati ambalo halikuhitaji kupangwa. Jioni akawaita Laiba na Hyder, akawaonyesha, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuwa mwaminifu. Hyder alisoma mstari kwa mstari. Laiba akauliza kama huenda ni mtu mwingine mwenye jina hilo. Hakuwa mwingine, kijito kilikuwa kilekile.

"Mama lazima ajue," Hyder alisema.

Abigael alipojua, alisema maneno mawili tu. "Acha hapo."

Lakini habari za familia hazikai mahali. Laiba alimwambia binamu yake, binamu akamwambia mama yake, na Ijumaa Kamrudin alipiga simu.

"Nimesikia umepata ukoo," alisema, na sauti yake ilikuwa na raha. "Mweusi mwenye watumwa! Tena wawili. Hiyo ndiyo heshima uliyoniahidi?"

"Sijamaliza kusoma."

"Bilkis, imekwisha."

"Wewe umekwisha, Kamrudin bhai. Mimi bado," akamjibu, akakata simu. Hakuwa amewahi kumkatia simu shemeji yake maishani mwake.

Alirudi kwenye vitabu vya mahakama kwa ukaidi zaidi kuliko kwa matumaini. Kama kuna mtu alinunuliwa, basi kuna hati ya mauzo. Aliipata. Mwaka 1810 Elisha alinunua kutoka kwa warithi wa jirani yake "mwanamke aitwaye Kezia". Huyo mmoja tu. Hakuna hati ya kumnunua wa pili, popote. Bilkis alikaa akiitazama ile orodha ya mwaka 1824. Mtumwa wa pili alitoka wapi? Virginia wakati ule haikutoza kodi kwa mtumwa mwenye umri chini ya miaka kumi na miwili. Na jiwe la kaburi lilisema Jordan alizaliwa mwaka 1812.

Akahesabu: miaka kumi na miwili.

Mtoto alifuata hali ya mama yake, na wa mtumwa alikuwa mtumwa. Ndivyo ilivyokuwa sheria. Na kulikuwa na sheria nyingine ya Virginia, ya mwaka 1806, ambayo Bilkis aliisoma mara tatu: mtumwa akiachwa huru, lazima aondoke katika jimbo ndani ya miezi kumi na miwili, la sivyo anaweza kuuzwa tena. Elisha angempa Kezia uhuru, angempoteza, au angelipoteza shamba. Hakukubali lolote kati ya hayo mawili. Alimwacha aandikwe kama mali yake kwenye karatasi za watu wale, akaishi naye na kulima naye, mpaka mwaka ambao karani alimhesabu na Jordan, mtoto wao.

Baada ya hapo jina la Elisha lilitoka katika orodha. Alikuwa ameuza shamba. Bilkis alimtafuta Ohio, jimbo ambalo halikuwa na utumwa, akamkuta analipa kodi ya ardhi huko. Na mwaka 1830, walipouza ili waje Kanada, kulikuwa na hati. Sheria ya huko ilitaka mke wa muuzaji aulizwe peke yake, mumewe asiwepo, kama anakubali. Bilkis aliisoma hati hiyo kwa sauti, peke yake, sebuleni.

Hakumpigia Kamrudin simu. Aliwatumia watu wote ujumbe: posa ya Laiba ni Jumamosi, nyumbani kwangu, baada ya adhuhuri.

Abigael alikuja na dada zake wawili na keki ya limau. Alikuja kwa ajili ya mwanawe, lakini uso wake ulikuwa umefungwa. Kamrudin naye alikuja na Naseem, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango bila kuvua koti. "Nimekuja ili isisemwe sikuwepo," alisema.

Bilkis hakuleta chai kwanza. Alisimama, akaeleza yote kwa Kiingereza ili wageni waelewe: shamba, kijito, farasi, Kezia, ile sheria, mtoto wa miaka kumi na miwili. Abigael aliinua kichwa. Kisha Bilkis akasoma hati ya Ohio. Elisha Tarver na Kezia mkewe. Na chini, maneno ya hakimu, kwamba Kezia, akihojiwa mbali na mumewe, alitangaza kuwa ametia alama yake kwa hiari yake mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu.

"Mkewe," Abigael alisema. "Jordan alikuwa mwanawe."

"Mkewe, na mwanawe. Hajawahi kuwa na mtumwa, dada. Walimwandikia hivyo."

Abigael alishika mkono wa dada yake kwa nguvu. Hyder alikuwa amesimama dirishani na kuwapa mgongo, na Laiba alikwenda kusimama karibu naye.

Kamrudin akakohoa. "Maneno mazuri," alisema kwa Kiswahili. "Lakini karatasi ni karatasi. Iliandikwa alikuwa naye, basi alikuwa naye."

Bilkis alimgeukia. "Mwaka sabini na moja serikali ilitaifisha, ikaandika kwamba ile nyumba yetu ya Tanga si yetu. Ilipigwa muhuri na kila kitu. Wewe uliacha kuiita nyumba yetu siku gani, Kamrudin bhai?"

Kamrudin akavuta kola ya koti lake.

"Mpaka leo unaiita hivyo. Ukiwa na wageni unaeleza hata rangi ya milango. Kwa hiyo usinifundishe karatasi, hiyo ni kazi yangu. Uliomba watu wenye heshima zao. Huyu mtu alilidanganya jimbo zima kwa miaka kumi na minne ili asitenganishwe na mkewe. Nionyeshe wa kwetu aliyefanya hivyo."

"Unanivunjia heshima mbele ya wageni."

"Hawa si wageni tena. Uliahidi mbele ya watu. Unapokea posa?"

Kamrudin aliinuka. "Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii."

"Nyumba hii ni yangu," Bilkis alisema. Akamgeukia Abigael, akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba yeye, mama wa Laiba, amepokea posa ya Hyder kwa mikono miwili, na kwamba anayetaka kukaa akae anywe chai.

Kamrudin alitoka. Alisimama kwenye korido akimngoja mkewe, mlango ukiwa wazi. Naseem alimtazama mumewe, akatazama sinia ya kachori. Kisha akafungua mtandio wake, akautandika kwenye mkono wa kiti, na kuuliza kama kuna mtu anayehitaji msaada jikoni. Baada ya kitambo walisikia lifti ikishuka.

Ndoa ilifungwa mwezi wa sita, na Bilkis alikaa katika safu ya mbele, kwenye kiti ambacho kingekuwa cha shemeji yake. Abigael aliwasimulia wazee wa upande wa marehemu mume wa Bilkis, mmoja baada ya mwingine, habari za ekari zile za kando ya kijito, akitaja mipaka yake. Kamrudin hakuja. Mpaka leo hajamsamehe Bilkis, na Bilkis hajaomba.