Shamba Namba Arobaini na Mbili

Jumanne saa moja asubuhi Mama Mboji alimaliza kumwagilia karoti, akang'oa vigingi vya shamba lake, akaanza kulikunja kama jamvi. Robo eka si kubwa, lakini ina uzito wake, hasa ikiwa imelishwa samadi na majani makavu miaka sita mfululizo. Wifi yake alishika upande wa pili. Walianzia kwenye vitunguu wakaenda taratibu, nyungunyungu wakisogea wenyewe kupisha mkunjo.

Walipofika mwisho, shamba lilikuja na kipande cha ziada, hatua mbili kuvuka ua wa jirani yao, Mwenyekiti. Udongo wake ulikuwa mweupe, hauna hata sisimizi.

"Wifi, hiki si cha Mwenyekiti?"

"Changu. Alisogeza ua mwaka ule mvua ilipochelewa. Ardhi yenyewe inajua inaondoka na nani."

"Tukikate basi, tupunguze mzigo. Shingo zenyewe ndizo hizi."

"Sikikati. Chake kimemtosha."

Wakajitwika, haoo, mpaka mjini.

Sababu ya safari ilikuwa ya kiofisi kabisa. Mpango wa Chakula cha Haki wa Kanda ulianzishwa kwa ajili ya wakulima wadogo wasiotumia sumu. Haya yaliandikwa kwenye bango mlangoni, chini ya picha ya mama anayecheka na kikapu, mama ambaye hakuna mkulima aliyewahi kukutana naye. Majiko ya shule zote za kanda yangenunua mboga za wenye cheti tu. Mkaguzi alitakiwa kuzunguka mashambani, ila gari lake lilikuwa juu ya mawe tangu mwaka juzi, kwa hiyo fomu ikaongezewa kifungu: mwombaji ataleta shamba ofisini.

Mama Mboji hakuwa na haja ya kucheka kwenye bango. Alimtaka mumewe. Baba Watoto alikuwa kibarua wa Mwenyekiti, kazi yake kupuliza dawa, pampu mgongoni, mtandio wa mkewe puani ndiyo barakoa. Kikohozi kilimwanza mwezi wa tatu, na sasa alikuwa akilala amekaa. Walikuwa wamekubaliana: cheti kikitoka, siku hiyo hiyo anaitua pampu na kurudi kulima kwao.

Karani wa mapokezi alimpa Mama Mboji namba arobaini na moja na shamba namba arobaini na mbili. Shamba likalazwa kwenye mabenchi mawili. Watu walisogea. Mzee mmoja aliuliza kama kunde zile zinauzwa, akaambiwa bado changa, akarudi kwenye gazeti lake.

Saa nane mkaguzi alitoka na kijiko. Kanuni ilisema sampuli ichukuliwe upande wa nje, na upande wa nje wa mkunjo ulikuwa ule mweupe. Alichota, akatia kwenye kichupa, akakitikisa. Kikageuka zambarau.

"Mama, udongo wako una sumu."

"Hicho ni kipande alichokuwa anakipuliza Mwenyekiti."

"Kiko kwenye shamba la nani?"

"Langu."

"Basi sumu ni yako."

"Kunjua uone ndani, mwanangu. Pima kwenye karoti."

"Kukunjua hairuhusiwi. Sakafu imepigwa deki."

Wifi, ambaye mdomo wake haujawahi kulala na deni, akauliza shamba la Mwenyekiti lilipitaje mlango ule, maana lina eka mia mbili.

"Mashamba makubwa yanaletwa kwa picha," mkaguzi alieleza kwa upole. "Tulichovya picha. Ilikuwa safi."

Mwenyekiti alikuwa mwenyekiti wa Mpango wenyewe, lakini hilo halikuhusiana na chochote, na mkaguzi alilisema mara mbili ili lieleweke. Mama Mboji alijikaza kisabuni mpaka nje ya geti. Huko alikaa juu ya shamba lake akalia, na wifi akamwacha alie, akashughulika na kung'oa kwekwe mbili zilizochomoza kwenye mkunjo.

Walirudi jioni, wakakuta Mwenyekiti amehamisha ua. Alikuta pahali pa shamba patupu, na yeye ni mtu asiyependa vitu vipotee bure.

"Ardhi kukaa bila kazi ni aibu kwa kanda nzima," aliwaambia. "Wewe dada yangu si una shamba lako hapo? Litafutie pa kuliweka." Akampa kipeperushi cha Mpango kinachofundisha kulima kwenye magunia.

Baba Watoto alitoka kazini, akakuta shamba limesimamishwa nyuma ya mlango, mahali pa ufagio.

"Cheti?"

"Kesho," alisema mkewe.

Hakuuliza kesho ipi. Alinawa, akaliegemea shamba, akakohoa mpaka kunde zikatikisika.

Wamelizoea sasa. Kila asubuhi Mama Mboji hulinywesha bakuli tano za maji kwa juu, na watoto wakienda shule huchomoa karoti mojamoja kwa chini. Kile kipande cheupe kimeanza kuota nyasi, na juzi sisimizi wameonekana. Wageni hukiona wakasifu. Shuleni, mchana, watoto hao hula karoti za Mwenyekiti, zenye nembo ya kijani na ile picha ya mama anayecheka.

Jumatatu Baba Watoto alipangiwa kazi kwenye kipande kipya cha bosi. Hakikuwa mbali: hatua ishirini kutoka mlangoni kwake, na alikijua vizuri, maana ndipo walipopanda vitunguu vyao vya kwanza. Mama Mboji alimfunga mtandio puani, akafunga dirisha, akaliburuta shamba hadi chumba cha ndani lisipate upepo. Kisha akasimama uani, akiihesabu mistari anayoimaliza mumewe.

Mstari wa nne alisimama kukohoa. Mkewe akampelekea kikombe cha maji, akampitishia kwenye tundu la ua.