Bunduki ya Karibu

"Hii itakuvunja bega, shemeji," alisema Verlin, akimpokonya Adeline bunduki kubwa ya kuwindia paa. "Na risasi yake ikikosa, inavuka kilima mpaka sebuleni kwa watu. Unawinda kindi wa mashimoni, huendi vitani."

"Basi nipe ndogo."

Verlin, mdogo wa marehemu mume wa Adeline, alikuwa akiuza bunduki katika mji ule wa Pensilvania tangu ujana wake. Akalaza mbili juu ya kaunta. Moja ilirusha risasi nyembamba kama punje ya ngano, yenye kasi ya kutisha. Ungemlaza mnyama akiwa ng'ambo ya malisho. Nyingine ilikuwa ile ya kawaida, ya risasi za kujaza mfukoni kama karanga. Hiyo ilitaka umsogelee mnyama karibu.

"Chukua ya kasi. Utakaa kibarazani na kahawa yako. Hutalazimika hata kukanyaga shamba lile."

 Adeline hakuwa amelikanyaga tangu Juni. Gurudumu la trekta lilizama katika shimo pana la kindi hao pale mteremkoni, trekta likabinuka, likamlalia Harlan hadi jioni, naye Adeline akidhani mumewe amepitia kwa jirani kupiga soga. Alikifunika chakula. Kilipopoa, alimkasirikia.

"Nipe hiyo ya karibu."

"Addie, acha ukaidi. Jumamosi nitakuja mwenyewe nikuulie wote."

"Ndivyo ulivyomwambia Harlan mwezi wa nne."

Verlin akainamisha macho. Akaanza kuifuta bunduki ambayo tayari ilikuwa safi.

Asubuhi iliyofuata Adeline alilala kifudifudi pale mteremkoni, katika nyasi mbichi, umande ukimlowesha tumbo. Kindi akachomoza, mnene kama paka, wa kahawia, akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani kama mzee kanisani. Alikuwa karibu kiasi cha kuonekana pua ikichezacheza. Adeline akafyatua. Mlio ulikuwa mdogo, kama kijiti kikikatika.

Alingoja kifua chake kilegee. Hakikulegea. Akamwendea mnyama, akamgusa. Alikuwa na joto bado, na mdomoni mwake mlikuwa na ua la klova, majani ya malisho, ambalo hakuwahi kulitafuna.

Ndani ya shimo, kindi mwingine akapiga mluzi.

Adeline akaketi chini, akatia risasi nyingine. Alipoinua uso alimwona Verlin, huko chini langoni, kofia mkononi, asiingie wala asiondoke.