Bwawa Lisilopewa Majani

Samaki walikuwa juu ya maji wanatweta kabla Kayitesi hajatua ndoo. Perege wakubwa kwa wadogo, midomo wazi, wamejibanza ukingoni kama wanaotaka kutoka. Alimchota mmoja kwa kiganja, hakurukaruka. Akamfunua shavu. Wekundu haukuwepo. Palikuwa na rangi ya majivu na ute mzito kama wa bamia.

Jana walinyunyiza huko juu.

Shamba la kahawa lilikuwa mlimani na mfereji wake ulishukia bondeni, hapa Rugu. Dawa yao mpya ilikuwa ya shaba iliyosagwa ikawa chembe ndogo kupita vumbi. Deodatus, mtaalamu wa samaki, alisema hata uchuje kwa kitambaa mara kumi, zinapita tu.

Hatua ishirini kutoka hapo, kwenye bwawa la Prudensia, mke wa mwenyekiti, samaki walikuwa wanagombania pumba mpaka maji yanaruka. Mfereji ule ule, dawa ile ile. Tofauti ilikuwa majani ya mubirizi, ule mti mchungu wanaomchemshia mtu mwenye homa, yaliyokaushwa, yakatwangwa na kuchanganywa na pumba za samaki wake.

Na majani yale aliyeyagundua ni Kayitesi. Tawi la mubirizi lilikuwa limeinamia kona moja ya bwawa lake, akaona samaki wanaodonoa majani ya kona ile hawageuki tumbo juu. Aliangalia misimu mitatu ya mvua bila kumwambia mtu. Kisha akamwambia mtaalamu Deodatus, naye akaandika, akaondoka, akarudi na gari na fomu.

"Lazima bwawa moja lisipewe kitu," Deodatus alimwambia siku ile, anafuta miwani. "La kulinganishia. Bila hilo nani ataamini?"

"Na samaki wangu wakifa?"

"Huo ndio ushahidi wenyewe, dada yangu."

Prudensia, aliyekuwepo hapo, alicheka. "Mwanangu, ninyi wageni si mmezoea kuhama? Basi na samaki nao wahame."

Kayitesi alisaini, na tawi lile la mubirizi likakatwa. Ardhi ya bwawa lake aliazimwa na mwenyekiti, na sharti lilisemwa mbele ya watu: bwawa likikaa bila samaki, ardhi inarudi, ipandwe mikaratusi. Aliyeomba asaini ni mwenyekiti huyo huyo. Angemkatalia vipi?

Sasa alimrudisha perege majini. Alielea ubavu. Kayitesi alitazama huku na huku, akaenda kwenye mubirizi, akachuma.

Kwa wiki tano alitwanga ndani, gunia chini ya kinu kisisikike, akawalisha kabla majirani hawajafungua milango. Samaki waliacha kutweta. Mashavu yakarudi kuwa mekundu.

Deodatus alikuja kuvuna majibu. Safari hii alikuwa na bwana mmoja wa kampuni ya ile dawa ya shaba, ambayo ndiyo iliyogharamia utafiti. Walivua huku, wakavua kule, wakapasua, wakapima. Deodatus alikuna kichwa.

"Hakuna tofauti."

"Basi majani ni majani tu," alisema yule bwana, anapangusa buti kwenye nyasi. "Na maji hayana neno."

Kayitesi aliwafuata hadi garini.

"Mtaalamu, niliwapa. Majani. Wangu nao wamekula. Andika hivyo."

Deodatus alimtazama yule bwana, ambaye alikuwa ameshafunga mlango. Akashusha sauti.

"Fomu si ulisaini kwamba hutawapa?"

"Nilisaini."

"Basi kwa mujibu wa fomu, hukuwapa."

"Lakini walioko chini, mfereji unakokwenda, hawajui. Samaki wao watakufa."

"Twende kwa mwenyekiti basi, ukamwambie umeharibu utafiti aliouleta yeye kijijini. Uone kama utabaki na hicho kibwawa."

Alisubiri. Kayitesi aliweka mkono juu ya bati la gari. Gari lilipoondoka, mkono ulibaki hewani.

Jumatatu iliyofuata watu wa kampuni walisimika bango ukingoni mwa bwawa lake: MAJI YAMEPIMWA. NI SALAMA. Huko mlimani sasa wananyunyiza mara mbili kwa wiki. Wanawake wa chini, waliokuwa wakipanda hadi chemchemi ya mbali, wakaanza kuja na madumu yao hapo mferejini.

"Afadhali umetupunguzia safari, mama Anonciata," mmoja alimwambia.

Kayitesi aliitikia. Aliinama, akajaza ndoo yake, akaenda nyumbani kutwanga. Nusu ya unga wa majani aliuweka kwenye pumba. Nusu nyingine aliikoroga kwenye uji wa binti yake.

Anonciata alionja, akakunja uso. "Mama, mchungu."

"Kunywa."

Mtoto alipomaliza, Kayitesi alimshika kidevu, akamgeuzia mlangoni kwenye mwanga, akamfunua kope la chini kwa kidole gumba, akatafuta wekundu.